Picha Zilizovunja Rekodi na Macho Yaliyozitazama

Mwaka 2015 mtaalamu mmoja wa nyumba ya mnada ya Bonhams alikwenda kwenye fleti moja mjini London kukadiria thamani ya vitu vya wenyewe. Jikoni akakuta kitu kimetundikwa ukutani, kimebandikwa barua, kadi za posta na bili. Wenye nyumba walikitumia kama ubao wa kukumbushana mambo. Chini ya makaratasi yale alikuwepo mwanamume wa Kiarabu mwenye mavazi meusi, aliyechorwa Zanzibar mwaka 1939 na Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini.

Stern alifika Zanzibar mara mbili, 1939 na 1945. Alichora Waarabu, Wahindi na Waswahili wa mjini, kisha akazitia picha zake kwenye fremu zilizoundwa kwa mbao za nakshi za milango ya kale ya huko. Kila nikikumbuka milango ile moyo huniuma, maana mlango wa Zanzibar nao ni kazi ya msanii ambaye jina lake halikuandikwa popote. Lakini picha zenyewe zina uhai wa ajabu. Hii ya jikoni ilikuwa na safari yake: ilitolewa kwenye mnada wa kuchangia gharama za mawakili wa Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya uhaini, ikavuka bahari hadi Uingereza, ikaishia karibu na jiko. Baada ya bili kubanduliwa iliuzwa kwa zaidi ya pauni 800,000. Miaka minne kabla yake, picha nyingine ya Stern, ya kiongozi wa dini wa Kiarabu aliyoichora Zanzibar mwaka 1945, ilikuwa imeuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Siku hiyo ilitajwa kuwa rekodi ya mnadani kwa sanaa ya Afrika Kusini. Ilinunuliwa na makumbusho ya Qatar. Kwa hiyo uso uliochorwa Unguja umevuka Bahari ya Hindi kuelekea Ghuba, kama walivyofanya mababu wa watu wengi wa pwani yetu.

Nimeanza na jiko lile kwa sababu nimekuwa nikifuatilia rekodi za picha kwa miaka mingi, na kila rekodi, ya bei, ya umri, ya ukubwa au ya wizi, ukiifuata hadi mwanzo wake unamkuta mtu aliyetazama, au watu waliopita mbele ya picha kila siku wasiione. Penye miti hakuna wajenzi, wahenga walisema.

Ya kale kuliko zote

Mwaka 1879, kaskazini mwa Hispania, bwana mmoja aitwaye Marcelino Sanz de Sautuola alikuwa akichimba sakafu ya pango la Altamira akitafuta zana za mawe. Alikuwa ameinama. Binti yake María, mwenye umri wa miaka minane, hakuwa na la kufanya, akainua taa na kutazama juu. Dari lilikuwa limejaa nyati wa rangi nyekundu na nyeusi, wengine wamelala, wengine wamesimama, na mchoraji alikuwa ametumia vinundu vya mwamba wenyewe kuwapa matumbo na mabega.

Wataalamu wa Ulaya walikataa. Walisema watu wa kale hawangeweza kuchora hivyo, na wako waliodai kwamba Sautuola alimlipa mtu achore. Alifariki mwaka 1888 akiwa bado anahesabiwa mwongo. Mwaka 1902, baada ya mapango mengine yenye picha kugunduliwa Ufaransa, mmoja wa wapinzani wake wakubwa, Émile Cartailhac, aliandika makala ya kukiri kosa. Marehemu hakuweza kuisoma. Mimi naona hii ndiyo dhuluma kubwa katika historia yote ya picha, na aliyekuwa na haki tangu dakika ya kwanza alikuwa mtoto.

Altamira haishiki tena rekodi ya umri kwa picha za viumbe. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba kwenye pango la Leang Karampuang, kisiwani Sulawesi, Indonesia, kuna picha ya nguruwe mwitu akiwa na viumbe watatu wenye umbo la watu, na kwamba ina angalau miaka 51,200. Walipataje umri huo? Maji yanayotiririka mapangoni huacha utando wa chokaa juu ya rangi, na ndani ya utando huo kuna urani kidogo inayogeuka polepole kuwa thori kwa mwendo unaojulikana. Ukipima utando unapata umri wake, na picha iliyo chini yake haiwezi kuwa changa kuliko kifuniko chake. Kinachonigusa zaidi ni kwamba picha hiyo inasimulia: kuna mnyama, kuna watu, na kuna jambo linalotendeka kati yao.

Tukihesabu mistari tu, Afrika imewahi zaidi. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kilipatikana kipande cha jiwe kisichofika urefu wa sentimita nne, chenye mistari ya rangi nyekundu iliyokatizana, iliyochorwa kwa kijiti cha udongo mwekundu yapata miaka 73,000 iliyopita. Unaweza kukificha kwenye kiganja.

Hapa kwetu tuna Kondoa. Kati ya Dodoma na Babati, kwenye miamba inayokaa juu ya bonde, kuna mapango zaidi ya 150 yenye michoro. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi kubwa ya kuinakili michoro ya eneo hilo mwaka 1951. Huko Kolo, kwenye eneo hilo hilo, watu wamechorwa warefu na wembamba, wekundu, wengine na vichwa vikubwa vyenye mistari kama nywele zilizosukwa. Ukisimama karibu unaona mahali kidole au burashi ya mchoraji ilipogusa mwamba kisha ikainuliwa. Na tofauti na Altamira, ambako wageni wengi huonyeshwa nakala, baadhi ya mapango ya Kondoa wenyeji bado huyaendea kufanya matambiko ya mvua na uganga.

Iliyoibwa mara nyingi

Sasa nije kwenye rekodi ambayo watu huifurahia zaidi, ya wizi. Bingwa wake ni picha ndogo. Rembrandt alimchora Jacob de Gheyn wa Tatu mwaka 1632 kwenye ubao wenye urefu wa sentimita 30 na upana wa 25 hivi, mpana kidogo tu kuliko daftari kubwa la hesabu. Picha hiyo inakaa Dulwich, kusini mwa London, na imeibwa mara nne: 1966, 1973, 1981 na 1983. Inaingia ndani ya koti, hapo ndipo penye tatizo. Na mara zote nne imerudi. Imewahi kukutwa chini ya benchi makaburini, nyuma ya baiskeli, ndani ya teksi, na mara ya mwisho kwenye rafu ya mizigo ya stesheni ya treni Ujerumani, ambako ilipatikana mwaka 1986. Jacob mwenyewe anatazama pembeni kwa upole, shingoni ana kola kubwa nyeupe iliyokunjwakunjwa, kama mtu asiyejua yaliyompata.

Ukihesabu misukosuko yote, vita na uporaji pamoja, hakuna kazi iliyoteseka kama picha za madhabahu ya Ghent, Ubelgiji. Ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, walizitengeneza, na zilikamilika mwaka 1432. Katikati kuna Mwanakondoo wa Mungu juu ya altare, na pande zote watu wanamjia. Majani ya nyasi yamechorwa moja moja, na mapambo ya vito yanaakisi mwanga wa dirisha la kanisa lenyewe. Van Eyck alipaka mafuta yenye rangi tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kioo, na mwanga ukipenya tabaka hizo na kurudi, picha huonekana inawaka kwa ndani.

Majeshi ya Ufaransa yalichukua sehemu yake mwaka 1794. Mbao nyingine ziliuzwa, zikaishia kwa mfalme wa Prussia, zikarudishwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili 1934, ubao mmoja wa chini kushoto, uliokuwa na waamuzi waadilifu wakiwa juu ya farasi, uliibwa kanisani. Zikaja barua za kudai franka milioni moja za Ubelgiji. Mwishoni mwa mwaka huo dalali mmoja wa hisa, Arsène Goedertier, akiwa kitandani anakufa, alisema yeye peke yake ndiye anayejua ubao ulipo. Akakata roho kabla ya kupataja. Tangu hapo polisi wameandika majalada mengi, watu wamefumua sakafu na kuta, na pale mahali pake kuna nakala.

Halafu wakaja Wanazi. Mwaka 1942 waliibeba kazi yote, na vita vilipokaribia kwisha ilikuwa imefichwa ndani ya mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria, pamoja na maelfu ya picha nyingine zilizoporwa. Afisa mmoja wa chama cha Nazi akaingiza masanduku yaliyoandikwa kuwa ni marumaru. Ndani mlikuwa na mabomu. Wafanyakazi wa mgodi waliyatoa masanduku hayo na kuziba njia za kuingilia. Watu waliozoea kuchimba chumvi, ambao wengi wao hawakuwa wamesomea sanaa hata siku moja, ndio waliotunusuria kazi ya Van Eyck. Kila nikisoma orodha za walinzi wakubwa wa sanaa, matajiri na wakurugenzi wa makumbusho, nawatafuta wachimbaji wale.

Wizi wenye thamani kubwa zaidi ulifanyika Boston, Marekani, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 18 Machi 1990. Wanaume wawili waliovaa sare za polisi waliingia makumbusho ya Isabella Stewart Gardner, wakawafunga walinzi, wakakaa ndani dakika 81, wakaondoka na vitu 13. Miongoni mwake ni picha pekee ya bahari ambayo Rembrandt alipata kuichora, wanafunzi wa Yesu wakihangaika na dhoruba, na picha moja ya Vermeer. Thamani inakadiriwa dola milioni 500. Zawadi ya dola milioni 10 bado haijapata wa kuichukua, na fremu tupu zinaning'inia mahali pale pale kwa sababu wosia wa mwenye nyumba hauruhusu kupanga vitu upya.

Na Mona Lisa? Alichukuliwa Louvre Jumatatu ya tarehe 21 Agosti 1911 na Vincenzo Peruggia, fundi wa Kitaliano aliyewahi kufanya kazi humo. Siku nzima ikapita bila mtu kushtuka. Walinzi walidhani amepelekwa kupigwa picha. Aliyeuliza ni mchoraji aliyefika Jumanne kuchora ukumbi ule. Kisha mshairi Apollinaire akawekwa ndani kwa kushukiwa, Picasso akahojiwa, na watu wakapanga foleni kutazama nafasi tupu ukutani. Peruggia aliificha picha kwenye sanduku chumbani kwake miaka miwili, akakamatwa Florence Desemba 1913 alipojaribu kuiuza. Umaarufu mkubwa wa uso ule duniani ulizaliwa katika miaka miwili ambayo haukuwepo. Mwaka 1962, ulipokuwa ukipelekwa Marekani, ulikadiriwa dola milioni 100 kwa ajili ya bima, na wakati huo hakuna picha iliyokuwa imewahi kukadiriwa zaidi ya hapo kwa kazi hiyo. Bima yenyewe haikukatwa, kwa kuwa gharama yake ilizidi gharama ya ulinzi.

Kubwa, na inayopewa mgongo

Ukiwa Louvre kwenye umati ule wa simu zilizoinuliwa, geuka nyuma. Ukuta unaotazamana na Mona Lisa umefunikwa wote na Arusi ya Kana ya Paolo Veronese, ya mwaka 1563. Ina urefu wa kwenda juu mita 6.77 na upana mita 9.94, na ndiyo kubwa kuliko zote zilizomo kwenye jumba hilo. Kuna wageni zaidi ya mia, wanamuziki, mbwa, mtu anaonja divai, na Yesu ametulia katikati ya kelele zote. Nadhani hakuna picha nyingine duniani iliyopewa mgongo na watu wengi kama hii.

Veronese aliichorea ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Askari wa Napoleon waliikata vipande mwaka 1797 na kuisafirisha hadi Paris. Napoleon alipoanguka, nyara nyingi zilirudi Italia, lakini kwa hii Wafaransa walidai haibebeki, wakatoa picha nyingine badala yake. Sisi watu wa bara hili, ambao mali za wazee wetu ziko katika makumbusho ya Ulaya, tunaijua sauti ya hoja hiyo.

Kwa turubai lililowahi kuwa kubwa kuliko yote duniani inabidi uende Dubai. Wakati wa korona, mwaka 2020, Mwingereza Sacha Jafri alijifungia kwenye ukumbi wa hoteli na kuchora turubai lenye mita za mraba 1,595.76, karibu robo ya uwanja wa mpira. Mwaka uliofuata liliuzwa kwa dola milioni 62, fedha zikaelekezwa kwa watoto wenye shida. Nia ilikuwa njema. Ila nikilinganisha na kijiwe cha Blombos najua nitakaa muda mrefu mbele ya kipi.

Bei

Rekodi ya bei iko wazi. Tarehe 15 Novemba 2017, Christie's ya New York iliuza Salvator Mundi, Kristo aliyeshika tufe la kioo, inayotajwa kuwa ya Leonardo da Vinci, kwa dola milioni 450.3. Mnada ulichukua dakika 19. Picha hiyo hiyo iliuzwa London mwaka 1958 kwa pauni 45. Mwaka 2005 ilinunuliwa New Orleans kwa dola 1,175, ubao umepasuka, uso umepakwa rangi juu ya rangi na mikono ya mafundi wa baadaye. Dianne Modestini aliisafisha na kuirekebisha kwa miaka. Wapo wasomi wanaosema Leonardo aliichora yote, wapo wanaosema wanafunzi wake walishika sehemu kubwa, na wengine wanauliza ni kiasi gani cha uso ule ni cha fundi wa kurekebisha. Tangu mnada huo haijaonyeshwa hadharani. Picha ghali kuliko zote duniani haina mtazamaji, na hilo linanisikitisha kuliko ubishi wote juu ya mkono ulioichora.

Iliyoifuata kwa bei mnadani ina kisa kizito zaidi. Novemba 2025, Sotheby's iliuza kwa dola milioni 236.4 picha ambayo Gustav Klimt alimchora Elisabeth Lederer kati ya 1914 na 1916, binti wa familia tajiri ya Kiyahudi ya Vienna, akiwa amevaa joho lenye nakshi za Kichina. Wanazi walipoingia Austria, Elisabeth alibaki peke yake mjini. Akadai kwamba baba yake wa damu ni Klimt, ambaye hakuwa Myahudi na alikuwa amekwisha kufa tangu 1918. Mama yake akaapa kwa maandishi kuunga mkono dai hilo. Lilikubaliwa, na Elisabeth hakupelekwa kambini.

Siku chache baadaye, kwenye minada ya wiki hiyo hiyo, Frida Kahlo wa Mexico aliweka rekodi ya wachoraji wanawake: dola milioni 54.7 kwa picha aliyoichora mwaka 1940, amelala kitandani amefunikwa blanketi lenye mimea, na juu ya paa la kitanda imelala mifupa ya mtu. Mwaka 1980 iliuzwa dola 51,000. Kitanda kwa Frida hakikuwa mfano wa kishairi. Akiwa na miaka 18 basi alilopanda liligongana na tramu, akavunjika uti wa mgongo na nyonga, na alipolazwa miezi mingi mama yake alimfungia kioo juu ya kitanda. Uso pekee aliokuwa nao wa kuchora ulikuwa wake. Kati ya picha zake, zinazotajwa mara nyingi kuwa 143, 55 ni za uso wake mwenyewe.

Katika Afrika Mashariki, jina la kutajwa kwenye bei ni Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1984. Mwaka 2019 picha yake moja iliyokadiriwa kupata dola 50,000 hadi 70,000 ilifika milioni 1.5. Lakini mimi ninachopenda kumsimulia mtu kuhusu Armitage ni anachochorea: lubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba cha Waganda, ambacho alikiona kwanza kwenye soko la watalii Nairobi. Gome huvuliwa mtini bila kuuua mti, huchemshwa, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mikwaruzo hadi linapanuka na kuwa laini. Kwa Waganda ni vazi la heshima na sanda ya wafu. Linabaki na matundu, mishono na makunyanzi, na Armitage hayafichi: shimo la gome linaweza kuangukia katikati ya kifua cha mtu aliyemchora, nawe unashtuka.

Wengi na wachache

Picasso anahesabiwa kuwa mwenye kazi nyingi kuliko wote: picha na michoro ya mipango yapata 13,500, chapa 100,000, michoro ya vitabu 34,000, katika miaka 78 ya kazi. Johannes Vermeer wa Delft tunamjua kwa picha zisizofika 40. Alifariki mwaka 1675 akiwa na madeni na watoto 11. Mjane wake, Catharina, alimpa mwoka mikate wa mjini picha mbili ziwe rehani ya deni la guilder 617. Hesabu hiyo ni ya mikate mingi mno. Ni nyumba nzima iliyokuwa ikila kwa mkopo kwa miaka.

Vermeer alipoteza fedha zake pia kwenye buluu. Buluu bora ilitokana na jiwe la lapis lazuli kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, lililosafiri kwa ngamia na jahazi hadi Venice, likaitwa kwa Kilatini jina lenye maana ya ng'ambo ya bahari. Mafundi walilisaga, wakalikanda kwenye nta na utomvu, wakalikamua ndani ya maji mpaka unga wa buluu ukatoka. Kuna nyakati lilikuwa ghali kama dhahabu, na wengi walilitunzia vazi la Bikira Maria. Vermeer alilitia hata kwenye vivuli vya ukuta mweupe, mahali ambapo hakuna mteja angejua. Mwaka 1881, huko The Hague, msichana wake mwenye hereni ya lulu aliuzwa mnadani kwa guilder mbili na senti thelathini. Mwaka 2023 makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, yalikusanya picha zake 28, idadi ambayo haikuwahi kuonwa mahali pamoja, na watu 650,000 walikwenda kuzitazama.

Nikiwa kwenye rangi sitaruka hili. Kwa karne kadhaa wachoraji wa Ulaya walitumia kahawia iliyosagwa kutokana na maiti za kale za Misri. Wengi hawakujua. Mwingereza Edward Burne-Jones alipoelezwa mwaka 1881, aliutoa mrija wake wa rangi nje na kuuzika bustanini. Namheshimu kwa maziko yale. Hatujui aliyezikwa alikuwa nani.

Mrija huo wenyewe ulikuwa uvumbuzi wa Mmarekani John Goffe Rand, mwaka 1841, ulioundwa kwa bati laini. Kabla yake rangi ilifungwa kwenye kibofu cha nguruwe, ukishatoboa inakauka au inamwagika. Sasa mchoraji aliweza kubeba kiwanda chake shambani. Hapo ndipo walipopatikana akina Monet, wanaochora ukungu ungali unapanda. Aprili 1874 walionyesha kazi zao Paris kwenye studio ya mpigapicha Nadar, na mhakiki Louis Leroy akaichukua picha ya Monet ya jua linalochomoza bandarini Le Havre, akalidhihaki neno impression katika jina lake, akasema hata karatasi ya ukutani imekamilika zaidi. Wakaitwa Waimpreshonisti kwa tusi hilo, nao wakalivaa.

Maisha mafupi ya burashi

Vincent van Gogh alichora miaka kumi tu, akaacha picha za mafuta zipatazo 860. Katika siku 70 za mwisho, kijijini Auvers, alizidi picha moja kwa siku. Picha inayojulikana kwa hakika kuuzwa akiwa hai, shamba jekundu la mizabibu, ilinunuliwa na mchoraji mwenzake Anna Boch kwa franka 400. Miezi sita baada ya kifo chake mdogo wake Theo naye akafa, na mzigo wa turubai zisizotakiwa na mtu ukabaki kwa mjane wa Theo, Jo van Gogh-Bonger, mwenye mtoto mchanga. Aliambiwa azitupe. Badala yake alifungua nyumba ya kupangisha wageni, akazitundika vyumbani, akaandikia wahakiki, akapanga maonyesho, akauza moja moja kwa akili, na mwaka 1914 akachapisha barua za ndugu wale wawili. Mwaka 1990 picha ya daktari Gachet iliuzwa dola milioni 82.5, rekodi ya dunia wakati huo.

Edward Saidi Tingatinga hakupata hata hiyo miaka kumi. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, akafanya vibarua na kuuza matunda na mboga, na kuelekea 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya mraba vya bodi za dari kwa rangi za baiskeli. Mkewe aliviuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wazungu waliokwenda kununua mahitaji. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani gari alilokuwemo ni la wahalifu. Miaka minne, basi. Na katika miaka hiyo minne aliwafundisha ndugu na jamaa, nao wakawafundisha wengine, na jina la ukoo wake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji unaouzwa kuanzia Zanzibar hadi Tokyo. Sijui mchoraji mwingine aliyepanda mti mkubwa hivyo kwa muda mfupi hivyo.

Nilikaa asubuhi moja karibu na Morogoro Stores, kando ya mchoraji kijana aliyekuwa akimalizia chui. Alikwisha kumwaga rangi ya nyuma, ya machungwa iliyofifia kuelekea chini, na ilikuwa imekauka. Mwili wa chui ulijaa bodi nzima, mkia umekunjwa ili utoshe, kama Tingatinga alivyokuwa akiwakunja wanyama wake ndani ya mraba. Madoa alikuwa ameyaweka tayari, mamia, kila moja na kitone cha ndani. Uso haukuwa na macho. Alichagua burashi ya nywele chache, akaipangusa kwenye suruali, akachovya nyeupe, kisha akaniomba nisogee kidogo nisimzibie mwanga.